Jeki inazama, gari linasogea: tafuta chanzo kabla hujaingia chini

Kigoma ni mji wa vilima vinavyoteremkia ziwani, na viwanja vya nyumba zetu vimefuata vilima hivyo. Hata pale unapoamini umesawazisha uwanja wako, mvua za Novemba zinakuonyesha maji yanakokimbilia. Ukishuka Kibirizi au ukienda Ujiji mteremko unapungua, lakini unakutana na mchanga. Jeki ya magurudumu, ile ndefu inayolala chini na kusukumwa kwa mkono wake, ilitengenezwa kwa ajili ya sakafu ya saruji, ngumu na iliyo sawa. Sisi tunaitumia kwenye udongo mwekundu, mchanga na miteremko, kisha gari likianguka tunasema jeki ni mbovu.

Mara nyingi jeki ni nzima. Ndiyo maana nakusihi ushike mpangilio huu: tatizo likitokea, chunguza kwanza ardhi, halafu gari, na jeki yenyewe iwe ya mwisho. Ukianza na jeki utanunua sili, utabadilisha oili, na kesho gari litateleza tena kwa sababu ile ile.

Kabla ya dalili yoyote kuna jambo moja lisilo na mjadala. Jeki inanyanyua, stendi (ule mguu wa chuma unaowekwa chini ya gari lililonyanyuliwa) ndiyo inayobeba. Ndani ya jeki uzito wote wa gari umezuiwa na oili, sili za mpira na vigololi vya chuma vidogo kuliko punje ya mahindi. Chembe ya mchanga ikikaa chini ya kigololi kimoja, gari linashuka. Stendi haina oili wala sili, ni chuma juu ya chuma. Kama huna stendi mbili, kazi unayoweza kufanya ni kubadilisha tairi tu, mwili wako wote ukiwa nje ya gari. Usiingize hata kichwa kuchungulia. Na kama fedha inatosha kitu kimoja, nunua stendi, jeki utaazima.

Naongeza hapo hapo kuhusu matofali, kwa kuwa nayaona kila wiki chini ya magari. Tofali la kuchoma linapasuka. Tofali la saruji lenye matundu ni baya zaidi, maana linasagika ghafla bila kutoa mlio wa kukuonya. Gogo la duara linabingirika. Yote hayo si stendi, hata ukiyapanga kwa ustadi gani.

Gari linasogea wakati linanyanyuka

Hii ndiyo dalili inayoua, na ndiyo ninayotaka uielewe kuliko zote.

Tazama jeki ikipanda bila mzigo. Mkono wake wa kunyanyulia umefungwa upande wa anayepampu, na kile kiti kinachogusa gari kiko upande wa pili. Mkono ukipanda, kiti hakiendi wima. Kinachora upinde: kinapanda huku kinarudi upande wako. Kwenye saruji jeki inajiviringisha taratibu kuingia chini ya gari, ikifidia upinde huo, na wala hutambui. Kwenye udongo uliolegea magurudumu yake madogo yanazama. Jeki haiwezi tena kutembea, hivyo lazima kitu kingine kisogee: ama gari livutwe upande wako, ama kiti kiteleze kutoka mahali ulipokiweka.

Basi tatizo la kwanza la kutafuta ni magurudumu ya jeki yaliyozama au yaliyozuiwa. Kuna watu wanaoweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya jeki wakidhani wanaiimarisha. Wanaifunga. Magurudumu ya gari ndiyo yanayozuiwa kwa kabari. Ya jeki yanaachwa huru.

Dawa yake ni ubao. Tafuta mbao ya mninga au mti mwingine mgumu, unene wa sentimita 5, urefu wa karibu mita moja, na upana unaozidi jeki pande zote. Ukipata bamba la chuma la milimita 6 ni bora zaidi (siyo bati la kuezekea, hilo linajikunja). Kwangua udongo laini kwanza hadi ufikie ulioshindiliwa, laza ubao ulale wote chini bila kucheza, kisha weka jeki juu yake ikielekea kule kule unakoelekea urefu wa ubao, ili ipate nafasi ya kutembea. Chini ya kila stendi nako kunahitaji ubao wake, maana miguu ya stendi ni myembamba na inachimba udongo. Baada ya mvua, hata uwanja ulioshindiliwa miaka mingi unalainika juu. Jaribu kwa kisigino cha kiatu: kikiacha shimo, stendi nayo itaingia.

Chanzo cha pili ni breki unayoiamini bila kujua inashika nini. Magari mengi madogo tunayoendesha, kama Vitz na IST za kawaida, yanavutwa na magurudumu ya mbele. Gia ya P inafunga upande wa mbele, na hendibreki inashika magurudumu mawili ya nyuma. Sasa nyanyua gurudumu moja la mbele. Lililo hewani liko huru kuzunguka kinyume, na kwa sababu hiyo mwenzake aliyebaki chini naye anakuwa huru. Ndivyo difu, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, inavyofanya kazi. P haishiki kitu tena. Gari zima limebaki kwa hendibreki, na hendibreki za magari yetu mengi zimelegea kiasi kwamba dereva anaivuta kwa mazoea tu.

Kwenye Hiace na magari mengine yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma hali ni mbaya zaidi ukinyanyua nyuma. Hapo gia na hendibreki zote mbili zinashika nyuma. Ukinyanyua matairi yote mawili ya nyuma, hakuna kinacholizuia gari isipokuwa kabari ulizoweka mbele.

Wenye Land Rover Defender, ambazo bado ni nyingi kwenye barabara za Kasulu na Kibondo, wasome hapa kwa makini. Hendibreki ya gari hilo haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma huku difu ya katikati haijafungwa, gari linaweza kuondoka na hendibreki ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Funga difu ya katikati, kisha weka kabari kama vile hendibreki haipo.

Kabari iwe na umbo la kabari: kipande cha mti kilichokatwa mshazari, kiwekwe mbele na nyuma ya tairi linalobaki chini, upande ulio mbali na jeki. Jiwe la mviringo la ufukweni linaviringika pamoja na tairi.

Chanzo cha tatu ni mteremko wenyewe. Usiamini macho, kwenye mji wa vilima macho yamezoea kuona kitu kilichopinda kuwa kimenyooka. Mtu akae kwenye usukani na mguu kwenye breki, aweke gia ya N, aachie breki polepole. Gari likianza kutembea lenyewe, hapo si mahali pa kunyanyulia. Omba nafasi kwa jirani mwenye kibaraza cha saruji au uwanja uliosakafiwa. Hakuna atakayekunyima kwa saa mbili, na kumwendea mtu ukamwambia, "Shikamoo mama, naomba niweke gari hapa kwako nibadilishe breki," si aibu. Ukipata pancha barabara ya Manyovu penye mlima na huna pa kwenda, tembea taratibu hata kwa kuharibu tairi mpaka upate tambarare. Tairi linanunuliwa.

Kiti kinateleza, au kinabonyeza bodi

Hapa ardhi ni sawa lakini umeweka jeki pasipostahili. Gari dogo lina ukingo wa bati lililokunjwa chini ya milango, na karibu na kila gurudumu ukingo huo una alama mbili ndogo zilizochongwa. Katikati ya alama hizo bati limeongezewa nguvu. Ukitoka hapo hata kwa upana wa kiganja, bati linajikunja, mlango unaanza kugoma kufunga, na maji yanapata njia ya kuingia. Kiti cha jeki kiwe na mpira wenye mfereji unaoupokea ukingo huo. Kama huna, kata kipande cha mpira mnene kutoka kwenye tairi kuukuu. Chuma kitupu juu ya chuma kinateleza, hasa vikiwa na oili.

Ukitaka kunyanyua mbele yote kwa pamoja, tafuta krosimemba, lile boriti la chuma linalopita chini ya injini kutoka upande hadi upande. Nyuma, kwa magari yenye ekseli nzima kama Hiace na Land Cruiser Hardtop, unaweza kuweka chini ya nyumba ya difu, mradi usibane bomba la breki na kiti kisikae kwenye mfuniko wa bati. Magari ambayo kila gurudumu la nyuma linajitegemea hayana hapo pa kuwekea. Difu yake imening'inizwa kwa mipira na haikukusudiwa kubeba gari.

Usiweke kamwe chini ya sampu ya oili (beseni la oili chini ya injini), gia boksi, rejeta, mikono ya usukani, ekzosi, wala sakafu ya gari. Sampu ikibonyea, inaweza kugusa ile pampu inayofyonza oili, na injini itakufa wiki kadhaa baadaye huku ukimlaumu aliyekuuzia oili.

Jeki nzima, lakini kazi haifanyiki

Jeki haiingii chini ya gari. Au inaingia, unapampu mpaka mwisho, na tairi bado limegusa chini. Hili si tatizo la kutengeneza. Ulinunua jeki isiyo yako.

Jeki ina vipimo vitatu, na watu wengi wanauliza kimoja tu, tani. Cha pili ni kimo chake ikiwa imeshuka kabisa. Jeki nyingi za kawaida zinaanzia sentimita 13 au 14, na gari lililoshushwa, au lenye pancha, haliachi nafasi hiyo. Pima gari lako likiwa na tairi lisilo na upepo, maana siku utakayoihitaji jeki barabarani ndivyo litakavyokuwa. Cha tatu ni kimo chake cha juu. Hapa wenye magari marefu ndiyo wanaoumia. Land Cruiser inapoanza kunyanyuka chesisi inapanda, lakini gurudumu linabaki chini kwa sababu springi inajinyoosha. Unaweza kunyanyua chesisi sentimita 20 na tairi lisiachane na ardhi. Jeki inayoishia sentimita 35 haitakusaidia. Tafuta inayofika 50, au weka jeki chini ya ekseli, karibu na gurudumu lenyewe.

Kishawishi kinachofuata ni kupachika kipande cha mti juu ya kiti ili kuongeza kimo. Usifanye hivyo. Kumbuka ule upinde: kiti kinaporudi nyuma, mti unainama, kisha unaruka. Ukikosa kimo, inua chini ya jeki kwa mbao pana zilizopigiliwa misumari pamoja, siyo juu yake.

Kuhusu tani, kadi ya gari imeandika uzito. IST ina tani 1 na kidogo, Noah kama tani 1.5, Prado karibu 2, na Hardtop inapita 2 kabla hujapakia kitu. Ukinyanyua upande mmoja wa gari, jeki haibebi uzito wote, lakini usinunue kwa hesabu ya kubana. Gari dogo: jeki ya tani 2 inatosha. Noah, Hiace, Prado na Hardtop: chukua tani 3. Na ondoa mizigo kabla ya kunyanyua. Gari lililojaa magunia ya chumvi kutoka Uvinza si gari lile lililoandikwa kwenye kadi.

Tatizo la dukani ni kwamba maandishi ya tani hupakwa kwa rangi, na rangi haibebi. Unauliza, "Kaka, hii kweli ni tani 3?" Unajibiwa, "Imeandikwa hapo." Shika mwenyewe. Jeki ya chuma ya tani 3 iliyotengenezwa kwa uaminifu ni nzito. Nyingi zina kilo 25 au 30 na zaidi. Ukiinua kwa mkono mmoja bila jasho, hicho ni kijeki cha tani 2 kilichopakwa rangi nyingine. Tazama weldingi kama ni mstari mmoja uliojaa au ni matone. Shika mkono wa kunyanyulia uutikise kushoto na kulia. Ukicheza sana, utapinda siku ya kazi. Ipampu ifike juu, asimame juu yake mtu mmoja mzito, subiri dakika chache uone kama inashuka. Muuzaji anayekataza jaribio hilo amekujibu. Ya mtumba inaweza kuwa bora kuliko mpya nyepesi, mradi haina ufa, haijapinda, na magurudumu yote manne yanazunguka.

Jeki ya chupa nayo ina nafasi yake chini ya lori, na madereva wa malori hawatembei bila hiyo. Nyumbani kwa gari dogo siishauri: msingi wake ni mdogo, inaanzia juu mno, na ikiinama kidogo tu inaruka. Ile jeki ya kukunja iliyokuja na gari ni ya pancha, basi.

Unapampu, haipandi kabisa

Sasa tumeifikia jeki yenyewe. Anza na kilicho rahisi. Valvu ya kushushia imefungwa? Zungusha mkono kwenda kulia mpaka ukaze. Kwenye jeki nyingi mkono unaishia kwenye kiungo kidogo kinachoshika kichwa cha valvu. Kiungo hicho kikilika, mkono unazunguka lakini valvu haizunguki. Chungulia kwa tochi.

Ikiwa valvu imefungwa, tuhumu hewa. Jeki iliyolazwa ubavu kwenye buti kutoka Kigoma hadi Kasulu inafika ikiwa na hewa mahali pa oili. Itoe hivi: fungua valvu, pampu haraka mara 10 hadi 15 bila mzigo, funga valvu, jaribu. Rudia mara mbili au tatu. Mara nyingi kazi inaishia hapo, na mtu alikuwa tayari njiani kwenda kununua nyingine.

Bado? Angalia oili. Ishushe jeki kabisa kwanza. Ukijaza ikiwa imepanda, ikishuka oili itakosa pa kwenda na itasukuma kizibo au sili. Kwenye silinda kuna kizibo, mara nyingi cha mpira, wakati mwingine skrubu. Futa mchanga wote kukizunguka kabla hujakigusa, nasema wote, kisha kitoe. Oili ifike ukingo wa chini wa tundu.

Inapanda tupu, ikikutana na gari inagoma

Mkono unakuwa kama una springi, au unapampu na gari halisogei. Oili imepungua, au kuna hewa, au sili ya ile pampu ndogo imelika na oili inarudi pembeni. Pia inawezekana jeki iko sahihi na wewe umeipa mzigo unaozidi: ndani yake kuna valvu ya usalama inayofunguka uzito ukipita kiasi, na jeki inakataa kupanda. Valvu hiyo inarekebishwa kwa skrubu, na fundi mwenye nia njema atakwambia aikaze ili "iongezeke nguvu". Mkatalie kwa heshima. Nguvu haitaongezeka, kinachoondoka ni kile kilichokuwa kikizuia chuma kisivunjike kichwani kwako.

Inapanda vizuri, kisha inashuka yenyewe

Ipime kwa usalama. Nyanyua kona moja ya gari, weka stendi chini yake ikibaki nafasi ya vidole viwili, jiondoe, subiri robo saa. Gari likiwa limelalia stendi, jeki inavuja. Swali ni wapi.

Kaza valvu ya kushushia. Ikitulia, haikuwa imefungwa vizuri. Isipotulia, chunguza nje: oili mbichi inayotokea kwenye fimbo ya pistoni kubwa inamaanisha sili ya silinda imekwisha, inayotokea kwenye pampu ndogo, sili ya pampu. Sili hizo hupatikana kwa seti, lakini nenda dukani na ya zamani mkononi, kwa sababu tofauti ya milimita moja inatosha kuharibu kazi.

Ikiwa nje ni pakavu kabisa na bado inashuka, uchafu uko ndani, chini ya kigololi au kwenye kiti cha valvu. Hili ndilo tatizo la vumbi letu. Mwaga oili yote ya zamani, tia mpya kidogo, pampu mara kadhaa valvu ikiwa wazi, imwage, rudia mpaka inayotoka iwe safi, kisha jaza. Usisafishe kwa petroli. Inakausha na kuvimbisha mpira.

Na hapa niseme wazi kuhusu oili, kwa sababu jeki nyingi zinauawa jikoni na kwenye rafu ya gereji. Oili ya breki inaharibu sili za jeki: mpira unavimba, unalainika, na baada ya muda mfupi jeki haishiki. Mawese na mafuta ya kupikia yanaganda kwenye ubaridi, kisha yanageuka utomvu unaonata kwenye vigololi. Oili chafu ya injini imejaa masizi na unga wa chuma. Kinachotakiwa ni oili safi ya haidroliki. Namba 32 inafaa jeki nyingi. 68 inayotiwa kwenye mitambo mikubwa ni nzito mno. Lita moja itakutosha miaka. Kama jeki ilishatiwa oili ya breki, kuisafisha pekee hakutoshi, badilisha sili zote.

Inaishia katikati, mkono unarushwa juu, haishuki

Ikiishia katikati, oili haitoshi. Ongeza.

Mkono ukirudishwa juu kwa nguvu baada ya kuusukuma, kigololi kinachozuia oili isirudi kwenye pampu hakizibi. Acha kuitumia siku hiyo hiyo. Mkono huo unavunja taya. Isafishe kama nilivyoeleza, na ikirudia, mpelekee fundi anayejua haidroliki.

Ikigoma kushuka bila mzigo, springi ya kurudishia imekatika au imeota kutu, au mkono wa kunyanyulia umepinda na unasugua pembeni. Ikigoma kushuka gari likiwa juu yake, usiipige nyundo wala usiilegeze valvu mpaka itoke. Ikitoka, oili na gari vinashuka kwa pamoja. Leta jeki ya pili, nyanyua kidogo, weka stendi, ndipo uitoe ile iliyokwama. Na inaposhuka kawaida, fungua valvu kidogo kidogo. Robo mzunguko inatosha. Ukifungua kwa pupa gari linaanguka, na lawama si ya jeki.

Kabla hujaingia chini

Legeza nati za tairi nusu mzunguko gari likiwa bado chini, kwa sababu kusukuma spana gari likiwa juu ndiko kunakoliangusha. Nyanyua, weka stendi mbili za kimo kilekile penye chuma kigumu, sukuma pini za usalama, shusha mpaka uzito ukae juu ya stendi. Acha jeki ikigusa kidogo kama mlinzi wa pili, na laza tairi ulilolitoa chini ya ukingo wa gari. Kisha simama pembeni ulisukume gari kwa bega, kwa nguvu kweli. Likicheza, lianguke sasa ukiwa umesimama. Watoto wawe mbali, na mtu mzima mmoja ajue uko chini. Ukimaliza, kaza nati kwa kuruka moja hadi ya mkabala; Toyota ndogo nyingi zinataka nyutoni-mita 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza).

Jeki ihifadhiwe imeshushwa kabisa, imelala kwa magurudumu yake, mbali na mvua. Tia grisi kwenye viungo na magurudumu kabla ya masika. Siku utakapoona ufa kwenye weldingi, mkono wa kunyanyulia uliopinda, au kiti kisichokaa sawa, usimpe jirani na usimuuzie kijana anayeanza gereji. Ikate mkono kwa msumeno ndipo uipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ili asije mwingine akaitoa kwenye lundo na kuirudisha chini ya gari.